Kuchora picha dhahania mbele ya watu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtu anayekuja kumtazama mchoraji jukwaani amekuja kuona maamuzi. Picha iliyokamilika angeweza kuiona ukutani siku yoyote. Ukichora twiga au jahazi, kufikia mstari wa tano kila mtu ameshajua unakokwenda na anasubiri tu ufike. Ukichora picha dhahania, ya rangi, mistari na maumbo yasiyowakilisha kitu, hakuna anayejua, na wewe mwenyewe unajua nusu tu. Kila unaponyoosha mkono, ukumbi mzima unangoja kuona utafanya nini.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wanapanda jukwaani wakiwa bado na mambo mengi ya kuamua kwa wakati mmoja: rangi zipi, brashi ipi, waanzie wapi, wasubiri muda gani, wasimame upande gani. Mkono unakimbilia kila kitu, rangi zinachanganyikana zikiwa mbichi, na baada ya nusu saa kanvasi nzima imekuwa tope la kahawia. Dawa yake ni kumaliza maamuzi madogo nyumbani, ili mbele ya watu ubaki na yale machache yenye uzito. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kazi yenyewe ina historia. Mei 28, 1956, Mfaransa Georges Mathieu alipanda jukwaa la Théâtre Sarah-Bernhardt mjini Paris na kuchora picha ya mita 4 kwa 12 mbele ya watu wapatao 2,000, kwa takriban nusu saa. Mathieu aliamini katika kasi, na katika kutokupanga maumbo mapema. Hapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga alichorea mahali pa wazi, wapita njia wakimtazama, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za viwandani. Kwa hiyo mchoraji kutazamwa akiwa kazini si jambo geni kwetu. Tofauti ni saa: rangi ile ya mafuta huchukua saa nyingi kukauka, na wewe utapewa moja tu.

1. Kubaliana na mwandaaji kabla ya kutaja bei

Muulize mambo manne. Una dakika ngapi? Ni ndani au nje? Mtazamaji wa mwisho atakaa umbali gani? Na picha ikishaisha ni ya nani?

La mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Wapo wanaodhani kwamba wakilipia onyesho wamenunua na picha. Tenganisha tangu mwanzo: malipo ya kufanya kazi jukwaani ni moja, bei ya picha ni nyingine. Kama itanadiwa usiku uleule kuchangia jambo fulani, mkubaliane mapema fungu lako ni kiasi gani. Yaandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na upokee malipo ya awali ya vifaa, maana kanvasi uliyokwisha kuipaka huwezi kuirudisha dukani shughuli ikiahirishwa.

Kuhusu muda, omba dakika 45 hadi 60. Chini ya 30, rangi haipati nafasi ya kukauka kati ya tabaka na tabaka. Ukizidisha saa moja na nusu, watu wanarudi kwenye simu zao. Kuchora pembeni ya ukumbi watu wakila na kuzungumza ni kazi nyingine, yenye shinikizo dogo, na anayeanza ningemshauri aanzie huko.

2. Tengeneza kanvasi itakayostahimili

Kwa ukumbi wa watu 100 hivi, sentimita 120 kwa 150 inatosha. Bandika karatasi ya ukubwa huo ukutani, chora juu yake mstari wa upana wa kiganja, kisha nenda ukasimame umbali wa kiti cha mwisho. Kama mstari unasomeka, ukubwa unafaa. Usiongeze mpaka ukahitaji ngazi: ukingo wa chini uwe usawa wa magoti, wa juu ufikiwe kwa mkono.

Kanvasi za dukani za ukubwa huo ni ghali, na wachoraji wengi hutengeneza zao. Chukua kitambaa kizito cha pamba, marekani, ukivute juu ya fremu ya mbao na kukipiga pini kwa nyuma, ukianzia katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe ili kisijikunje. Kwa kazi ya jukwaani ongeza ubao unaokatiza fremu kwa nyuma. Bila ubao huo fremu itapinda utakapokandamiza, na kitambaa kitadunda mbele ya watu. Acha nafasi ya kidole kati ya ubao na kitambaa, la sivyo utakapopitisha skrepa, kile kifaa bapa cha kuvutia rangi, mstari wa ubao utajitokeza katikati ya picha na hautaondoka.

Paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, iache ikauke, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, ukisugua kwa msasa laini katikati yake. Siku moja kabla ya onyesho, paka rangi ya chini juu ya nyeupe hiyo: bluu nzito, udongo mwekundu, au kijivu kilichokolea. Usipande jukwaani na kanvasi nyeupe. Chini ya taa weupe unawachoma watu macho, na kila unachoweka katika robo saa ya kwanza kinaonekana kimepotea. Juu ya bluu nzito, mstari wako wa kwanza wa njano unaonekana hadi mlangoni.

3. Chagua rangi tano, basi

Tumia akriliki. Inachanganywa na maji, haina harufu kali, na tabaka jembamba hukauka kati ya dakika 10 na 30 kutegemea hali ya hewa. Akriliki za tyubu zinagharimu, kwa hiyo nunua rangi kali chache za namna hiyo na utumie rangi ya ukuta ya maji kwa nyeupe na kwa maeneo makubwa. Hizi mbili zinashikana vizuri. Usiweke kamwe rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Na makopo ya rangi za kupuliza yaache nyumbani kama ni ukumbi wenye dari na viyoyozi. Watu hawakuja kuvuta ule moshi.

Seti ninayoipenda ni hii: nyeupe, bluu nzito, njano ya udongo, nyekundu ya matofali, na rangi moja ya tano ambayo haifanani na nyingine hata kidogo, mathalani waridi kali au kijani cha ndimu. Hiyo ya tano naiita mgeni. Kopo lake libaki limefunikwa mpaka robo ya mwisho ya onyesho. Watu wanaozoea rangi nne kwa dakika arobaini hushtuka vizuri sana mgeni anapoingia.

Mambo mawili kuhusu akriliki ambayo ni lazima uyajue kabla hujasimama mbele ya mtu. Kwanza, ikikauka inakolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo changanya ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka ionekane. Pili, si kila rangi inaficha iliyo chini yake. Njano nyingi zinaonyesha kilicho chini. Ukizipaka juu ya bluu zinageuka kijani kilichofifia. Zitie nyeupe kwanza, ndipo zitakapofunika.

Changanya kila kitu nyumbani, utie kwenye vikopo vya maziwa mgando vyenye vifuniko, kila rangi kwa uzito wa aina mbili: moja inayotiririka na moja nzito inayokaa kwenye skrepa bila kudondoka. Andika kwenye kifuniko kwa herufi kubwa. Jukwaani kuna giza kuliko unavyodhani.

4. Panga tabaka kwa saa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tope hutokea rangi mbili zinazopingana zinapokutana zikiwa bado mbichi: nyekundu na kijani, bluu na rangi ya machungwa, njano na zambarau. Zikiwa zimekauka moja juu ya nyingine, rangi hizohizo hung'arishana. Kwa hiyo swali la mchoraji wa jukwaani ni moja kila wakati: kilicho chini kimekauka? Ukiwa na jibu, mkono unaweza kuwa huru. Mfano wa dakika 60:

Dakika 0 hadi 10 ni za maumbo makubwa. Rola na brashi pana ya inchi nne, rangi nyepesi, na familia moja tu: nyekundu ya matofali, njano ya udongo, nyeupe. Hizi hata zikichanganyikana mbichi zinazaa rangi za udongo na mchanga, hazizai tope. Funika kama theluthi mbili za kanvasi na uache bluu ya chini ichungulie. Usijali uzuri hapa. Tafuta uwiano wa kubwa na ndogo: umbo moja lililotawala, la pili nusu yake, na kitu kidogo kilichokaa mbali.

Dakika 10 hadi 20 ni za kukausha. Watu wengi huziogopa, na kumbe ni dakika nzuri. Msaidizi anapitisha draya ya saluni polepole, umbali wa mkono mmoja, na feni inasaidia kwa pembeni. Wewe rudi nyuma, simama karibu na watazamaji, tazama nao. Kisha jaribu kwa mgongo wa mkono: gusa kwa upole sehemu iliyopakwa nene zaidi. Ikiwa baridi, maji bado yamo ndani hata kama juu panaonekana pamekauka. Ikiwa na joto la kawaida la chumba, endelea.

Pakishakauka, bandika tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Mistari mitatu au minne mirefu, mmoja ukikatiza kanvasi kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha, na hili wachache wanalifanya, pitisha kwenye kingo za tepu rangi ileile iliyo chini yake, kidogo tu, kwa brashi ndogo. Rangi hiyo ndiyo itakayopenya chini ya tepu na kuziba mianya. Rangi utakayoweka baadaye itakuta njia imefungwa, na mstari utatoka safi.

Dakika 20 hadi 40 ni za rangi za upande wa pili: bluu nzito, na bluu iliyotiwa nyeupe kwa viwango viwili au vitatu. Sasa tumia rangi nzito na skrepa pana ya fundi wa ukuta, au mpira wa kusukumia maji sakafuni uliokatwa kwa kipimo chako. Mimina mstari wa rangi kwenye ukingo wa chombo hicho cha kuvutia, kiweke juu ya kanvasi kwa mlalo mdogo, vuta mara moja bila kusita. Ukivuta kwa mkono mwepesi rangi inashika pale palipoinuka tu, na tabaka la udongo linabaki likionekana katikati kwa vipande. Ukirudia juu ya mvuto uleule mara tatu, vile vipande vinapotea na pamebaki ukuta uliopakwa. Vuta mara moja, hamia pengine.

Dakika 40 hadi 50, bandua tepu. Shika ncha moja, ikunje iangalie nyuma, vuta kwa mshazari na polepole, rangi ya juu ikiwa bado haijawa ngumu kabisa; ikikauka mno tepu hung'oa magamba. Ule udongo mwekundu ambao watu walishausahau unarudi kama mstari mkali katikati ya bluu. Usiharakishe hapa. Hii ni sehemu ambayo hata mtoto aliyekuwa akicheza chini ya meza hunyanyua kichwa. Bandua tepu zote isipokuwa moja, na hiyo moja uiache mpaka mwisho.

Dakika 50 hadi 60 ni za mgeni na za mistari myembamba. Rangi ya tano iingie mahali pamoja au pawili, si zaidi. Kisha tepu ya mwisho, kisha unaweka brashi chini.

5. Fanyia mazoezi mpangilio, usifanyie mazoezi picha

Pitia saa nzima nyumbani mara kadhaa kwenye kitambaa cha bei rahisi, ukiwa na saa ukutani, hali ya hewa ikiwa ileile utakayoikuta. Dar wakati wa masika tabaka la dakika kumi linaweza kuchukua mara mbili ya hapo; Nairobi mwezi wa kiangazi linaweza kukauka kabla hujaligeukia. Jua rangi zako zinakauka kwa muda gani na urekebishe mpangilio.

Lakini kila zoezi lizae picha tofauti. Ukizoea kurudia picha moja utapanda jukwaani kunakili, na mtu anayenakili anaonekana: macho yake hayapo kwenye kanvasi, yapo kwenye kumbukumbu. Ubadilishe umbo kubwa kila mara: leo lianzie juu kushoto, kesho lianzie chini.

6. Kagua mahali mapema

Nenda mchana wa siku hiyo ukiwa na fundi wa taa. Mwombe taa nyeupe mbili, moja kila upande, zikipiga kanvasi kwa mshazari. Taa ya mbele moja kwa moja inafanya rangi mbichi imeremete na watu waone mng'aro badala ya rangi. Mwombe pia azime zile taa za rangi zinazobadilika wakati wote unapochora. Chini ya taa nyekundu, nyekundu yako na nyeupe yako ni kitu kimoja, na bluu inageuka nyeusi; utachagua rangi kwa kubahatisha. Kama lazima zitumike, zitumike ukishamaliza.

Sakafu: tandika karatasi ya nailoni, kisha juu yake shuka kuukuu zilizobanwa kwa tepu. Nailoni peke yake ikilowa inateleza, na kuanguka na kopo la rangi mbele ya wageni ni hatari kwa mwili wako kwanza. Mwenye ukumbi akiona umetandika atakuamini, na atakuita tena.

Kama ni nje, kwa mfano kwenye uwanja wa Ngome Kongwe, Unguja, mwezi wa Februari kaskazi ikivuma, kanvasi ya mita moja na nusu ni tanga. Funga kiegemeo chake kwenye nguzo, au kibane kwa madumu ya maji miguuni, na uiweke kanvasi ubavu kwa upepo. Upepo pia unakausha rangi ndani ya vikopo, kwa hiyo weka chupa ya kunyunyizia maji karibu na uvifunike kila unapovitua.

Meza ya vifaa iwe upande wa mkono wako wa kazi, na ndoo mbili za maji: ya kwanza ya kusafishia brashi, ya pili ya kusuuzia. Usizichanganye.

7. Zungumza na wanamuziki

Usiwaombe tu wapige muziki. Wape mpangilio wako wa saa. Kikundi cha taarab kikikuanzia na bashraf, ala tupu bila mwimbaji, umepata dakika zako za maumbo makubwa bila maneno ya wimbo kuwavuta watu pembeni. Dakika za kukausha ni za mwimbaji, maana wewe wakati huo hufanyi kitu. Kwa kubandua tepu omba ala moja tu, gambusi au fidla.

Ukimya nao una nguvu. Machi 9, 1960, mjini Paris, msanii Mfaransa Yves Klein alipofanya onyesho lake la miili iliyopakwa rangi na kugandamizwa kwenye karatasi ili iache alama, wanamuziki walipiga sauti moja kwa dakika 20, kisha wakanyamaza dakika 20 nyingine. Huhitaji kufika huko. Lakini dakika mbili za kimya wakati skrepa inavutwa, watu wakisikia mkwaruzo wake juu ya kitambaa, zinawaleta karibu na kazi kuliko ngoma yoyote.

Mkono wako usikimbizane na mdundo. Ngoma ikipanda, sisitiza mwendo mmoja mrefu. Mistari mifupi ya harakaharaka ndiyo inayojaza picha takataka.

8. Jukwaani

Mtazamaji atakuona mgongo kwa muda mwingi, kwa hiyo simama pembeni. Kama unatumia mkono wa kulia, simama upande wa kushoto wa kanvasi ili mkono uende kulia na mwili usizibe. Funga brashi mbili kwenye vijiti vya urefu wa mita moja. Zinakutoa mbele ya kanvasi, na mstari unaotoka kwenye bega ni mpana na wenye ujasiri kuliko unaotoka kwenye kifundo cha mkono. Kila dakika tano hivi, ondoka kabisa mbele ya kanvasi. Watu wapate kuona, na wewe upate kuona.

Mstari wa kwanza uweke ndani ya dakika moja ya kupanda. Usihutubie. Salamu, jina lako, na kazi. Kadiri unavyosimama ukitafakari kanvasi tupu ndivyo mkono unavyozidi kuwa mzito. Ukitaka kuondoa uzito huo kabisa, mwite mtu mmoja aweke mstari huo, hasa mzee au mtoto. Mpe kopo moja, brashi moja, na umwonyeshe eneo. "Bibi, karibu, pitisha hapa popote unapopenda." Ukimpa rangi tatu achague, atababaika na wewe utapoteza dakika nne. Na mstari wake usiufute. Tafuta namna ya kuujengea kitu.

Rangi ikidondoka pasipotarajiwa, usiikimbilie na kitambaa. Iache, fanya kazi upande mwingine, kisha amua baada ya kurudi nyuma. Mara nyingi tone hilo linaongeza kitu. Kama kweli linaharibu, lisubiri likauke ulifunike. Ukilifuta bichi utaacha doa kubwa mara tatu.

Mpiga picha na mpiga video wapewe mahali pao kabla hujaanza, na wasikuelekeze. Mwaka 1950 mpiga picha Hans Namuth alimpiga filamu mchoraji Mmarekani Jackson Pollock akichora nje ya nyumba yake huko Long Island, New York, kwa wiki kadhaa, akimsimamisha na kumwanzisha kwa matakwa ya kamera. Siku walipomaliza, Pollock alirudia pombe aliyokuwa ameiacha kwa takriban miaka miwili. Maisha yake yalikuwa na mengi zaidi ya kamera, lakini anayechora akiambiwa "rudia hapo" anajua kinachomtokea moyoni. Mwambie mpiga video kwa heshima: "Kaka, nipige chochote, ila usiniombe kurudia."

9. Wakiuliza "Hicho ni nini?"

Watauliza, na wana haki. Usiwafanye wajione hawajui sanaa. Usiwape pia hadithi ya kubuni kwamba mstari mwekundu ni machungu ya Afrika, kama hukuwa ukiwaza hivyo. Waeleze ulichofanya: "Nimeweka udongo kwanza, nikaufunika kwa bluu, sasa nautoa." Hiyo ni kweli, na inawapa kitu cha kutazama. Kisha uliza: "Wewe mama, jicho lako linakwenda wapi kwanza?" Jibu lake litakusaidia kazini. Watatu wakitaja kona moja, ujue uzito wa picha uko huko, na mgeni wako ataingia upande wa pili.

Akitokea wa kusema hata mwanawe angeweza kuchora hivyo, mkaribishe alete mtoto aweke mstari. Nasema hivyo kwa moyo mweupe: watoto huweka mistari mizuri, na baba yake hatakuwa na shaka tena akiona ulivyoujengea.

10. Kuacha

Picha nyingi za jukwaani huharibika katika dakika saba za mwisho. Makofi yanapanda, na mkono unataka kuwapa watu zaidi. Jiwekee mipaka kabla ya kupanda. Wangu ni miwili. Kuna eneo moja, kama robo ya kanvasi, ambalo baada ya dakika ya 40 siligusi tena. Na dakika ya 50 msaidizi anapiga picha ya kanvasi kwa simu, isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tu, na kunionyesha. Rangi zikiondoka unaona ukweli: kama kila kitu ni kijivu kimoja, picha inahitaji cheupe kikubwa au cheusi kikubwa mahali pamoja, wala haihitaji rangi nyingine. Kama viwango vitatu vinaonekana wazi, kilichokolea, cha kati na cheupe, umebakiza mgeni na tepu, basi.

Ukimaliza, weka brashi ndani ya ndoo na ugeuke uwatazame watu. Wasipoona umegeuka hawatajua kwamba imeisha, na ukirudi kupaka kidogo baada ya makofi utawavunja moyo.

11. Baada ya hapo

Brashi kwanza, salamu baadaye. Akriliki ikikauka ndani ya manyoya haitoki tena, na nusu saa ya kupiga picha na wageni inatosha kuua brashi nzuri. Mpe msaidizi kazi hiyo kabla hamjaanza, ili wewe ubaki na watu.

Picha isiondoke usiku huo ikiwezekana. Juu itaonekana kavu, lakini pale ulipovuta rangi nzito ndani bado ni laini kwa siku kadhaa. Kama mnunuzi anang'ang'ania, isafirishwe ikiwa imesimama wima nyuma ya pikapu, uso ukiwa huru, bila nailoni kugusa rangi. Mwambie asiiviringishe, asiitundike kwenye jua la dirishani, na asubiri wiki mbili tatu kabla ya kupakwa vanishi.

Nyuma ya kitambaa andika kwa penseli jina lako, tarehe, mahali, na kikundi kilichopiga muziki. Kama bibi wa watu ndiye aliyeweka mstari wa kwanza, andika na hilo.